Mama wa Delta Asianze kwa Deni

KWA muda mrefu sasa mwanamke wa Tanzania amekuwa akihimizwa kuanzisha biashara. Amehimizwa katika mikutano ya hadhara, katika semina, redioni na katika vikao vya vikundi. Ameambiwa athubutu, aache woga, achukue mkopo na kukuza mtaji. Himizo hilo ni jema, nasi hatuna nia ya kulipinga. Lakini liko jambo moja ambalo wahimizaji wengi hulipita haraka, nalo ndilo kubwa kuliko yote kwa mama anayeanza na shilingi chache zilizofungwa katika pindo la kanga. Jambo lenyewe ni hili: biashara hiyo ikishindwa, watoto watakula nini?

Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo kwa kuwatazama akina mama wa delta ya Rufiji na wilaya ya Kibiti kwa jumla. Tumewachagua hao kwa sababu mbili. Kwanza, wao ni wachapa kazi ambao jua haliwakuti kitandani. Pili, wanaishi mahali ambapo hasara si neno la kitabuni. Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo kuna msitu wa mikoko wa kiasi cha hekta 50,000, mashamba ya mpunga, na vijiji ambavyo hufikiwa kwa mtumbwi na boti kwa kufuata kupwa na kujaa kwa maji. Maji yale yale yanayorutubisha shamba la mpunga ndiyo yanayoweza kulizamisha. Mwaka 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za wananchi wa Rufiji na Kibiti, na kabla watu hawajapumua, mwanzoni mwa mwezi Mei mwaka huo huo, kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya Mafia na maeneo ya jirani.

Kwa hiyo tunaposema biashara isiyo na hatari kubwa, hatusemi biashara ya watu waoga. Tunasema biashara ambayo mama anaweza kuianza bila kuweka rehani chakula cha nyumba yake. Na ili kuitambua biashara ya namna hiyo, tunashauri kila mama ajiulize maswali manne kabla hajatoa hata senti moja. Je, kazi hii naijua tayari kwa mikono yangu, au nitajifunzia ndani ya mtaji? Je, malighafi yake yapo karibu nami? Je, bidhaa isiponunuliwa leo, itaoza au itasubiri? Na mwisho, nikipoteza vyote nilivyoweka, nitaweza kuanza tena mwezi ujao bila kumwendea mtu kuomba? Biashara inayojibu vizuri maswali hayo yote manne ni nadra. Lakini inayoshindwa katika maswali matatu haifai kuanzia, hata kama jirani imemtajirisha.

Tuanze na ususi, kwa kuwa huo ndio urithi wa mwanamke wa Rufiji. Ukindu na miyaa hupatikana huko huko. Mama huyakata makuti machanga, huyaanika, huyachana, huyatia rangi kwa kuyachemsha, kisha husuka ukili na kuushona mpaka upatikane mkeka, msala, kikapu au kawa. Kazi hii hujibu swali la kwanza, la pili na la tatu bila taabu. Hufanywa nyumbani, mtoto akiwa pembeni na chungu kikiwa mekoni. Husimama wakati wa kupanda na kuvuna mpunga, ikaendelea baadaye pale pale ilipoachwa. Mkeka uliokunjwa vizuri na kuwekwa juu, mbali na unyevu na panya, haudai chakula wala haufi kwa homa.

Udhaifu wa ususi uko katika hesabu. Akina mama wengi huuza mkeka bila kuhesabu siku zao. Tutoe mfano wa hesabu tu, kwa bei ambazo kila mmoja atazibadilisha kulingana na mahali alipo. Tuseme mkeka umechukua siku 21, ukindu na rangi vimegharimu shilingi 9,000, na mkeka umeuzwa shilingi 30,000. Kilichobaki ni shilingi 21,000, yaani shilingi 1,000 kwa siku. Sasa tuseme mama yule yule anasuka kikapu cha sokoni kwa siku mbili, kwa gharama ya shilingi 1,500, na kukiuza shilingi 6,000. Amebakiwa na shilingi 4,500, sawa na shilingi 2,250 kwa siku. Mikono ni ile ile na ukindu ni ule ule, lakini ujira wa siku umezidi mara mbili. Pengine kijijini kwake hesabu itatoka kinyume, na mkeka ndio utakaolipa zaidi. Lakini hatalijua hilo asipoandika.

Aidha, soko la kikapu lina jambo jipya la kulitazama. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika nchi yetu. Marufuku hiyo ingepaswa kuwa sikukuu kwa wasusi wa pwani. Walakini, nafasi kubwa ilichukuliwa na mifuko mingine ya viwandani, kwa sababu ilikuwapo dukani siku ile ile, kwa ukubwa unaojulikana na kwa bei inayojulikana. Kikapu cha ukindu kilikuwa bado kiko kijijini, kila kimoja na ukubwa wake. Mnunuzi wa mjini anayetaka vikapu 50 vinavyofanana hatakwenda nyumba 50 kuvitafuta. Hapo ndipo wasusi wa kijiji kimoja wanapopaswa kukubaliana kipimo, rangi na mshono, kisha wakauza pamoja. Hakuna mtaji wa fedha unaotakiwa katika makubaliano hayo.

Tuje kwenye mapishi. Vitumbua, maandazi, chapati, mihogo ya kukaanga na uji ni biashara zinazoanzwa na akina mama wengi kuliko nyingine yoyote, na haishangazi. Mchele upo, nazi ipo, wateja wapo: wanafunzi, wavuvi wanaorudi alfajiri, abiria wa boti pale Nyamisati na wa mabasi pale Bungu na Kibiti katika barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara. Fedha iliyotoka jioni hurudi asubuhi. Kwa swali la tatu, hata hivyo, biashara hii ina kasoro, kwani kitumbua cha jana hakina mnunuzi. Kwa sababu hiyo mama mwenye busara huanza na kiasi kidogo kuliko anachodhani atauza, akaongeza pale tu anapomaliza siku kadhaa mfululizo.

Lakini adui mkubwa wa vitumbua si kulala. Maadui wake ni mkopo wa jirani na mkono wa nyumbani. Tuhesabu tena. Tuseme mama ametumia shilingi 10,000 kwa mchele, nazi, sukari, hamira, mafuta na kuni, akapata vitumbua 80 vya shilingi 200 kila kimoja. Akiviuza vyote atapata shilingi 16,000, na faida ni shilingi 6,000. Sasa tuseme vitumbua 15 vimeliwa nyumbani, na 20 vimechukuliwa kwa ahadi ya kulipa Ijumaa. Vilivyouzwa kwa fedha taslimu ni 45, yaani shilingi 9,000. Jioni hiyo mama hana hata mtaji aliouanza nao, ingawa amekesha, amechoka, na kila mtu anamsifu kwamba biashara yake inakwenda. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la senti chache na kalamu ni vyombo vya kazi kama chuma cha vitumbua kilivyo. Na fedha za biashara zikae katika kopo lake, lisilochanganywa na fedha ya chumvi na sabuni. Vitumbua vya watoto navyo viandikwe kama mauzo, kwani mtoto naye anakula mchele wa dukani.

Biashara ya tatu ni ufugaji wa kuku wa kienyeji. Karibu kila nyumba ina kuku wawili watatu wanaojitafutia, na karibu kila nyumba imewahi kuamka na kukuta wote wamekufa. Ugonjwa huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo ndio unaowafanya wananchi wengi waamini kwamba kuku ni bahati. Kuku si bahati. Chanjo ya mdondo inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani hutengenezwa hapa hapa nchini. Kuku mzima hudondoshewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa kwa siku nyingi. Kwa hiyo mama mmoja mwenye kuku sita akiinunua peke yake atamwaga sehemu kubwa. Akina mama kumi wa kitongoji kimoja wakiinunua pamoja na kuchanja siku moja, gharama ya kila mmoja huwa ndogo sana, na ugonjwa hukosa nyumba ya kujifichia.

Baada ya chanjo, kazi iliyobaki ni ya uangalifu. Mayai huanguliwa kwa siku 21. Vifaranga wafunikwe kwa tenga katika majuma ya mwanzo, kwani mwewe, kicheche na kenge huwapenda kuliko mfugaji anavyowapenda. Pumba za mpunga zipo. Banda liinuliwe juu ya nguzo. Hilo halihitaji fundi wa kutoka mbali, kwa maana watu wa Rufiji wamejenga madungu mashambani tangu enzi za mababu ili kulala juu ya maji na juu ya wanyama. Aliyejua kujiinua yeye mwenyewe hashindwi kumwinua kuku wake. Na yafaa kukumbuka kwamba kuku, tofauti na mpunga, anaweza kubebwa mtumbwini maji yanapopanda.

Nazi na korosho nazo zina nafasi yake. Nazi ikiuzwa nzima huleta bei ya nazi. Ikikunwa, ikakamuliwa tui na kuchemshwa mpaka mafuta yakajitenga, huleta mafuta ya kupikia na ya kujipaka, na machicha huliwa na kuku. Kinachotakiwa ni chupa safi, zilizokauka kabisa ndani, kwani tone la maji huyavundisha mafuta. Kuhusu korosho, mama abangue zile za shamba lake mwenyewe kabla ya kufikiri kununua za wengine. Korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya ushirika na minada, na biashara ya vichochoroni iitwayo kangomba ni kosa mbele ya sheria. Tena ajihadhari na mafuta ya ganda, ambayo huunguza ngozi. Korosho zikaangwe mahali pa wazi, watoto wakiwa mbali na mikono ikiwa imefunikwa.

Baada ya kusema yanayofaa kuanzia, hatuna budi kusema pia yasiyofaa kuanzia, japo ni mema. Kilimo cha mwani kimewapa kipato wanawake wengi wa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini mwani hutaka maji ya chumvi, na midomo ya Rufiji humwaga maji baridi ya mto. Anayeuchukua mradi wa Unguja na kuupanda Msala au Mbwera bila kuuliza maji yanasemaje anapanda hasara. Unenepeshaji wa kaa hufanyika katika mikoko na kaa ana bei nzuri, lakini unataka vizimba, chakula cha kila siku, na mnunuzi wa kaa hai aliye tayari kabla kaa hajanenepa. Huo ni mradi wa kikundi kilichokwisha kukomaa. Ufugaji wa nyuki katika mikoko uko katikati. Hauui mti wala haudai shamba, na asali ikikaa katika chombo safi haiozi. Mama aanze na mzinga mmoja au miwili baada ya biashara yake ya kwanza kusimama. Hatusemi miradi hiyo iachwe. Tunasema ngazi hupandwa kwa kuanzia chini.

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Katika miaka hii ya karibuni limezuka neno ambalo kila mama wa mjini na wa kijijini analijua: kausha damu. Ni mikopo ya haraka, isiyouliza maswali mengi, inayotolewa asubuhi na kuanza kudaiwa kesho yake. Jina hilo hawakulitunga wanasiasa wala waandishi. Limetungwa na wakopaji wenyewe, na mkopaji anapouita mkopo wake kwa jina hilo, amekwisha kutoa ushahidi.

Turudi kwa mama yetu wa vitumbua. Tuseme amekopa shilingi 100,000 na kutakiwa arejeshe shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26. Atakuwa amelipa shilingi 130,000. Tumeona kwamba faida yake, siku njema ya kuuza vyote, ni shilingi 6,000. Siku njema, basi, humwachia shilingi 1,000. Siku ya mvua hauzi, lakini mdai huja. Siku mtoto akiumwa hapiki, lakini mdai huja. Ndipo huanza kukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, na mwisho huchukuliwa kitanda, godoro, na hata lile chuma la vitumbua lililokuwa chanzo cha yote. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wakopeshaji wa namna hiyo hatuoni haya kuwaita wanyonyaji. Na sheria haiko kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya kazi ya kukopesha awe na leseni. Mama anayo haki ya kuuliza leseni iko wapi, kuomba mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, na kuondoka asipopewa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra huko Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus alikuta wanawake wanaotengeneza vigoda vya mianzi. Hawakuwa na fedha ya kununulia mianzi. Mchuuzi aliwakopesha kwa sharti kwamba wamuuzie yeye peke yake, kwa bei atakayoipanga yeye. Yunus alipohesabu madeni ya watu 42 wa namna hiyo, jumla yake haikuzidi dola 27 za Marekani. Kutokana na hapo ilizaliwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Lakini hadithi ina upande wa pili. Mwaka 2010, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, serikali ililazimika kuweka amri kali dhidi ya makampuni ya mikopo midogo baada ya wakopaji kuzidiwa na madeni, na baadhi yao kujiua. Mkopo mdogo ulimwokoa mwanamke pale ulipomtoa katika mikono ya mchuuzi. Ulimwangamiza pale mkopeshaji mwenyewe alipogeuka kuwa mchuuzi mkubwa zaidi.

Je, mama afanye nini ikiwa hana mtaji? Jibu la kwanza analo mwenyewe, tena la siku nyingi. Akina mama wa pwani wamecheza upatu tangu zamani. Leo kuna vikundi vya kuweka na kukopa, ikiwamo VICOBA, ambavyo wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa kipimo walichokubaliana wenyewe, na hugawana mwisho wa mzunguko. Fedha ya kikundi haina haraka ya kuvunja mlango wa mtu, kwa sababu anayedai na anayedaiwa huchota maji kisima kimoja. Kikundi kiwe na daftari, sanduku lenye kufuli zaidi ya moja na funguo zilizo mikononi mwa watu tofauti, na kiandikishwe kwa mujibu wa sheria. Kiongozi anayekataa kusoma hesabu mbele ya wote aondolewe mapema, angali na aibu.

Jibu la pili liko Halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kasoro zirekebishwe, ukaanza tena mwaka 2024. Kwa mwananchi anayeogopa riba kwa sababu ya mfuko wake au kwa sababu ya dini yake, hakuna mkopo ulio bora zaidi. Lakini hata huu ni deni. Usichukuliwe ili kujaribu biashara. Uchukuliwe ili kukuza biashara ambayo daftari limekwisha kuthibitisha kwamba inalipa.

Hapo tuna neno kwa viongozi na watendaji. Mama wa Kibiti mjini anaweza kwenda ofisini kwa miguu. Mama wa Kiongoroni, Mbuchi au Maparoni hutegemea boti, na boti hutegemea maji. Ikiwa fomu lazima ifuatwe mara tatu, muhuri mara mbili, na maombi yajazwe kwenye kompyuta ambayo kijijini haipo, basi nauli yake itakuwa imekula mkopo kabla haujatoka. Afisa maendeleo ya jamii awafuate akina mama hao visiwani kwa siku zinazojulikana, amalize kazi yote kwa safari moja, na azipange safari hizo kabla ya msimu wa mafuriko. Marejesho nayo yafuate majira. Kumtaka mkulima wa mpunga arejeshe sawa sawa kila mwezi, wa njaa na wa mavuno, ni kumsukuma kwa wale wale wa kausha damu. Hali kadhalika SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 ina jukumu la kukuza viwanda vidogo, ifikishe mafunzo ya ufungashaji na vipimo hadi vijijini, ili mafuta ya nazi na asali ya delta viweze kuingia dukani vikiwa na alama ya ubora.

Suala la bei nalo linataka umoja. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko za Rufiji na kuzipeleka Arabuni na katika Ghuba ya Uajemi. Mali ya delta ilijenga majumba ya mbali, na delta ikabaki na vibanda vyake. Leo boti ya mchuuzi inapotia nanga na kununua mikeka, kuku na nazi kwa bei aliyokuja nayo mfukoni, historia hiyo inajirudia kwa kipimo kidogo. Hatuwachukii wachuuzi. Wengi wao ni wananchi wanaohangaika, na bila wao bidhaa zisingetoka. Lakini mama mmoja mwenye mikeka miwili na njaa nyumbani hawezi kupatana bei na mtu yeyote. Akina mama 20 wenye mikeka 40, wanaojua bei ya Mbagala ya wiki ile kwa sababu mmoja wao alipiga simu, wanaweza. Na anayepokea fedha ya mchuuzi kabla ya kusuka ajue kwamba amekwisha kuuza mkeka ambao bado haujawa mkeka.

Mwisho tuseme na akina baba. Kuna nyumba ambazo biashara ya mama huheshimiwa mpaka siku inapoanza kuleta fedha. Siku hiyo matumizi yote ya nyumba huhamia kwake, au kopo lake hufunguliwa usiku. Mume wa namna hiyo humla kuku atagaye. Tunapenda kuwakumbusha kwamba Sehemu ya Wanawake ya TANU ilipoanzishwa mwaka 1955 chini ya Bibi Titi Mohamed, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rufiji, wengi wa wanawake waliojitokeza mjini Dar es Salaam walikuwa wauza maandazi, vitumbua, samaki na pombe. Walikuwa na kipato chao, walijuana na watu wengi, na hawakuhitaji kumwomba mtu nauli ya kwenda mkutanoni. Vibiashara vile ambavyo wengine waliviona vya kuchekwa viliwapa sauti wanawake walioisaidia nchi kupata uhuru.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa akina mama wa Rufiji na Kibiti. Anzeni, lakini anzeni na mnachokijua. Anzeni na kidogo ambacho kikipotea hakitawalaza watoto na njaa. Andikeni kila kinachoingia na kila kinachotoka. Chanjeni kuku kwa pamoja, uzeni vikapu kwa pamoja, wekeni akiba kwa pamoja. Mkopo uje baadaye, nao uwe ule usio na riba, na kwa kazi iliyokwisha kujionyesha. Viongozi nao wapande boti wawafuate walipo. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kisiwe kimewekwa rehani.